Kilo Sita na Gramu Mia Sita

Kila Jumamosi, akishafua sare yake ya shule, Estelle huenda kituo cha afya cha mtaa wa Bigo kumsaidia shangazi yake, Immaculée. Asubuhi watoto wa familia zilizokimbia vita huko Djugu hupimwa uzito. Mchana Estelle huzinakili namba kutoka daftari la mizani hadi kwenye kompyuta, kisha programu aliyoitunga shangazi huwachagua waliodhoofika, wapewe chakula cha tiba.

Jumamosi moja rafiki yake Fifi alikuwa akimsubiri nje na kamba ya kuruka. Watoto sitini, na kila mmoja na gramu zake! Estelle akaona zinamchelewesha. Kilo sita na gramu mia sita akaandika saba. Kilo nane na gramu mia mbili, nane. Akamaliza chapuchapu, akainuka.

"Ngoja kwanza," alisema shangazi, akaianzisha programu. Ikasimama papo hapo. Kwenye kioo yakatokea maneno: "Nilitarajia namba zenye desimali. Nimepewa namba nzima tupu. Sitaendelea."

"Tantine, imejua namna gani?"

"Programu iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya lugha ya takwimu, iko mupole, inapokea kila kitu. Ya pili niliigeuza kuwa lugha ya mashine yenyewe. Inakimbia sana, lakini haiangalii kitu yenye unaipatia. Njo maana niliweka mistari tatu ya kuuliza namba iko ya aina gani, mbele ya kuanza."

"Na kama haiulizi?"

Shangazi akanakili programu kando, akafuta mistari ile, akaiendesha. Estelle akakodoa macho. Mtoto mmoja alitoka hana uzito hata kidogo. Mwingine alikuwa na namba ndefu iliyovuka kioo chote. Kisha programu ikazimika yenyewe.

"Namba nzima inakaa nafasi kidogo, ya desimali nafasi kubwa," alieleza shangazi. "Ile ya mbio ilichukua namba nzima mbili, ikazani ni moja ya desimali."

Estelle akaelewa. Mistari mitatu tu, na bila hiyo watoto wote wangepotea ndani ya upuuzi ule!

"Sasa weye uniambie," shangazi alimgeukia. "Mizani yetu inaonyesha gramu. Watoto makumi sita, hata mumoja hana gramu juu? Walipatana?"

Estelle akalitazama daftari. Angeweza kuisingizia mizani, ila aliona haya mbele ya mashine iliyokataa waziwazi.

"Ni mimi, Tantine. Niliondoa gramu. Fifi ananingojea."

Shangazi hakumgombeza. Alimwita Fifi ndani, akampa daftari asome. Estelle akaandika upya, gramu kwa gramu, na safari hii programu ikapita. Jina la kumi na moja kwenye orodha lilikuwa Vital, mtoto wa mama Gertrude: kilo sita na gramu mia sita. Kwa ile saba ya Estelle, jina hilo lisingekuwepo.

Mama Gertrude, aliyekuwa akisubiri nje na wenzake, aliondoka na pakiti zake za chakula cha tiba, Vital mgongoni akinyonya moja kwa bidii. Estelle akamtazama mpaka alipokata kona.

"Umeona?" alisema shangazi taratibu. "Mistari yangu inaweza kuuliza kama namba iko na desimali. Kama iko ya kweli, hiyo haiwezi kujua. Hiyo unaijua weye tu mwenye kuandika."