Choo Kilichotazama Benchi

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, Apiyo alivunjika mguu kwa sababu ya mlango wa choo.

Asubuhi hiyo Benard, fundi wa mawe, hakuwa na kibarua. Alikaa na wanaume wenzake kwenye benchi nje ya nyumba yake, Kibera. Mke wake, Filister, alikuwa amekufa mwaka uliopita. Apiyo, mama mkwe wake, alitoka mashambani kuja kumlea mtoto wao, Hope, wa miaka miwili.

Mbele ya benchi kilisimama choo kipya cha mawe. Wakubwa walikuja na magari matatu kukifungua, wakapigwa picha, wakaenda zao. Milango yake minne ilitazama benchi.

Saa nne habari ikaja. Apiyo ameteleza kwenye tope huko bondeni, vichakani. Wakamleta kwa mkokoteni.

Benard alifoka. Choo kipo, bondeni alifuata nini? Apiyo akageukia ukuta. Alipofungwa plasta, akasema atarudi nyumbani. Benard akamtazama mtoto. Hope angebaki na nani?

Zeinabu, mama wa Kinubi mwenye ploti waliyopanga, akamwita kando.

"Baba Hope, wewe ni Mjaluo kweli ama ulidondoka kwa lori? Mama mkwe ataingiaje choo wewe ukimhesabia hatua?"

 Benard aliijua mila: mama mkwe hapaswi kuonwa na mkwe wake akienda haja. Na milango ile aliitundika kwa mikono yake mwenyewe. Aliona ilivyokaa, akajiambia mchoro ni mchoro.

Zeinabu akamweleza kwamba hata Waislamu hawakitumii, maana ukichuchumaa unaelekea kibla. Hakuna pa kuweka kopo la maji. Ngazi nayo inamfika mjamzito magotini.

"Kabla ya kuchora, unamuuliza atakayetumia," akasema. "Atapita wapi? Ataonwa na nani? Atabeba nini? Mwili wake unaweza nini? Hawa walichora choo kionekane kutoka barabarani."

Benard akawalaani wakubwa hao mmoja mmoja. Wanakula jasho letu, alisema, halafu wanatujengea picha.

"Sawa, kasirika," Zeinabu akamjibu. "Lakini kasirika na mwiko mkononi."

Zeinabu na akina mama wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Jumamosi Benard na mafundi wenzake wakaanza. Waliziba milango ya mbele, wakafungua mingine nyuma, wakaikinga kwa mabati. Wakageuza mahali pa kuchuchumaa. Wakajenga rafu ya kopo na ngazi fupi fupi, wakaweka bomba ukutani la kushika. Benchi nalo likahamishwa.

Kufikia mwezi wa sita, Apiyo alikuwa akienda chooni na fimbo yake, na Benard hamwoni. Safari ya mashambani haikutajwa tena. Hope alinenepa. Kichakani hakuna aliyeenda tena, na watoto wa ploti wakaacha kuharisha ovyo.

Mwezi wa saba Benard akapata kibarua cha kujenga choo Kabiro, Kawangware. Ofisa wa mradi akakunjua karatasi juu ya mawe. Mchoro ulikuwa ule ule: milango minne, yote imetazama njia.

Benard akaweka mwiko chini, akaeleza yote yaliyotokea Kibera.

"Fundi, mchoro umeshapitishwa," ofisa akasema, akakunja karatasi yake.

Benard akamfuata mpaka garini. Akamuuliza:

"Siku mlipoupitisha, ni mama gani wa hapa Kabiro mlimuuliza?"