Godoro Juani

Soko kuu la Songea lilifurika watu Jumamosi ile, na mbwa wa Notburga alikuwa anajikuna juu ya nguo za kuuza.

"Wewe binti, unauza nguo au unauza upele?" mwanamke mmoja alifoka. Akaitupa blauzi aliyoishika, akahamia meza nyingine.

Notburga hakuwa mtu wa kurudisha maneno. Alikuwa amevaa gauni la maua ya njano, nywele amesuka twende kilioni, na aibu ilimjaa mpaka masikioni. Alimvuta Popi kwa kamba. Mbwa huyo aliachwa na marehemu baba yake, na tangu mama yake aanze biashara ya mitumba, Popi alilala ndani juu ya marobota ya nguo ili kuyalinda. Sasa tumbo lake lilikuwa halina manyoya, na miguu alikuwa anailamba mpaka imebadilika rangi.

"Mpake oili chafu," alishauri muuzaji wa meza ya pili.

"Nilishampaka."

"Mafuta ya taa?"

"Nilishampaka."

"Basi mtupe."

"Asimtupe," alisema kijana aliyekuwa anachagua mashati. Alivaa shati la drafti na suruali iliyonyooshwa vizuri, lakini alichuchumaa hapohapo vumbini, akamfunua Popi masikio. Jina lake lilikuwa Egidi. Aliuza dawa katika duka la mifugo, yale maduka ya watu binafsi yaliyofunguliwa Serikali ilipoacha kugawa dawa.

"Hana viroboto, hana kupe. Analala wapi?"

"Kwenye marobota. Usiku anapanda kitandani kwangu, miguuni."

"Ana bahati huyu."

Notburga aliinamisha uso. Muuzaji wa meza ya pili akacheka kwa sauti.

"Nauliza kwa ajili ya kazi, dada," Egidi alisema, naye akiona haya. "Akilala nje anajikuna?"

"Tulipokuwa kwenye msiba Peramiho alilala nje, akapoa kabisa. Tuliporudi nyumbani akaanza tena."

"Basi ugonjwa uko nyumbani kwenu. Kuna wadudu wa vumbi, wadogo mno, macho hayawaoni. Wanakaa kwenye godoro, kwenye mito, kwenye nguo zilizorundikwa. Hawaumi, ila kuna mbwa ambao vumbi lao linawawasha."

"Dawa yake?"

"Usafi na jua. Mtoe kwenye marobota, alale kwenye ubao mtupu. Mablanketi ufue kwa maji ya moto kila wiki. Usifagie vumbi kavu, pangusa kwa kitambaa kibichi. Na godoro uanike kila jua likitoka. Hatapona moja kwa moja, lakini atapumzika. Nitakuja kumwangalia."

Alikuja Matogoro, nyumbani kwa kina Notburga, wiki ile, akaja tena iliyofuata. Popi alianza kulala usiku mzima. Egidi hakuacha kuja.

"Mgonjwa anaendeleaje?" alikuwa anauliza mlangoni.

"Amelala. Unaweza kwenda."

"Na mwenye mgonjwa?"

"Mwenye mgonjwa anapika ugali. Ingia basi, mbona unasimama kama mgambo?"

Kwa Egidi peke yake Notburga alijua kutania. Kahawa ilipokaribia kuvunwa walikuwa wameshakubaliana kuoana. Egidi alimwambia mama yake, na mama akaahidi kupeleka barua ya posa. Kisha mwenye duka akamtuma Egidi Mbinga, kusimamia duka jipya.

Huku nyuma Shangazi Walburga, dada wa marehemu baba yake Egidi, alitumwa kumchunguza binti. Alipita Matogoro bila kubisha hodi. Siku ya kwanza aliona godoro la sufi limeanikwa uani, kwenye ua wa miti. Alipopita tena, lipo. Aliporudi juma lililofuata, lipo, na blanketi juu yake.

"Wifi," alimwambia mama Egidi, "binti ni mzuri, ana adabu. Lakini ni kikojozi."

"Mtu mzima?"

"Mimi nimeona godoro kwa macho yangu. Kila siku!"

Posa ikasimama. Notburga alipata habari bombani, kwa wanawake waliokuwa wanasubiri maji. Walimwachia nafasi ya kuteka kwanza, kwa upole uliomuuma kuliko tusi. Mmoja akamnong'oneza kwamba kuna mizizi ya kuchemsha, inasaidia.

Alirudi nyumbani akaliingiza godoro ndani. Usiku Popi alijikuna, krau, krau, mpaka akatoka damu. Notburga alilia, hajui analia kwa ajili ya nani.

Alisubiri Egidi aseme neno. Hakusema. Mwisho akaenda posta kumpigia simu Mbinga. Foleni ilikuwa ndefu, na mlango wa kile kichumba cha simu haukufungika.

"Nota wangu!"

"Usiniite hivyo. Umesikia wanayosema?"

Simu ilikwaruza.

"Nimesikia."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na hukumwambia mama yako kwamba ni wewe uliyeniambia nianike?"

"Nilimwambia, mpenzi! Nikamwambia kuna wadudu. Akauliza, nani amewaona? Nikasema hawaonekani. Akasema basi nimelishwa kitu, nimeanza kuona vitu visivyoonekana. Kila nikieleza naharibu zaidi."

"Ongea kwa sauti, sikusikii!"

"Nasema naharibu!"

"Umeshaharibu! Mji mzima unanicheka, na wewe umejificha huko kwenye kahawa! Sikojoi kitandani, Egidi! Godoro ni kwa ajili ya mbwa!"

Kelele za posta zilikatika ghafla. Mzee mmoja kwenye foleni aliangalia viatu vyake. Notburga alirudisha mkono wa simu mahali pake, akapita katikati ya watu, akiwa ametumia sauti ambayo hakuwahi kuitumia maishani.

Alipofika nyumbani alilibeba godoro, akalitoa. Safari hii hakuliweka uani. Aliliegemeza ukuta wa mbele, upande wa barabara, akaenda kumkorogea Popi maji ya kuoga.

Jumapili iliyofuata, watu wa Mjimwema walikuwa wanatoka kanisani wakiwa na vitenge vyao vya Jumapili. Mbele ya nyumba ya mama Egidi walimkuta Egidi mwenyewe, ameshuka kwenye basi la Mbinga. Alikuwa anafunga godoro lake kwenye ua, mahali pa wazi kuliko pote.

"Egidi!" Mama alikimbia mpaka kiatu kikamvuka. "Una wazimu? Watu wanaona!"

"Naanika, mama."

"Ingiza!"

"Bado halijapata jua."

"Shikamoo, mama Egidi," jirani mmoja alisimama, akalitazama godoro, kisha akamtazama Egidi na ndevu zake. "Poleni. Kumbe na wanaume wakubwa?"

"Hajakojoa!" mama alipiga kelele.

"Mimi sijasema kitu, mama yangu."

Jumatatu Egidi alianika. Jumanne akaanika, na mto juu. Shangazi Walburga alikuja mbio kutoka kwake, akamkuta wifi yake amejifungia ndani, na mtu wa tatu asubuhi ile yuko mlangoni na kifurushi cha mizizi.

Jumatano mama Egidi alifika Matogoro. Notburga alikuwa amepiga magoti, anapangusa sakafu kwa kitambaa kibichi. Aliinuka, mikono ikidondosha maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama hakukaa. Alilitazama godoro ukutani, akamtazama Popi aliyelala kwenye ubao, ametulia, manyoya mapya yakichomoza tumboni. "Nasikia ukimwambia mwanangu kitu anasikiliza. Mwambie aingize godoro lake ndani. Barua italetwa Jumamosi."

Notburga alitaka kuangalia chini kama kawaida yake. Hakuangalia.

"Nitamwambia, mama. Lakini langu litabaki nje."

Mama Egidi alivuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyechoka kubishana. Akasogea, akaminya pembe ya godoro kwa vidole viwili, akanusa vidole.

"Lina harufu ya jua," alisema kwa hasira. Kisha akamnyooshea Popi kidevu. "Na huyu, kwetu atalala wapi?"