Betri za Chumba cha Uzazi

Asubuhi ya Jumatano, Juni 1993, Koplo Benigna wa polisi alimkuta Imaculata amefunikwa shuka katika zahanati ya mtu binafsi mjini Songea. Taa ilikuwa imezimika usiku akijifungua. Muuguzi Violeth alipapasa gizani, kuizuia damu kukamshinda. Mtoto alipona. Benigna, aliyezaa wawili, alitamani kukimbia chumba kile.

Umeme wa jenereta za mji ulikuwa wa mgawo. Zahanati ilijaza betri nne za lori mchana ili ziwashe taa usiku, na Chande, mfanyabiashara wa Namtumbo aliyefungua mashine ya umeme ya kusaga jirani, alikubali kuzima mapema kila siku ili zishibe. Sasa watu walikuwa mlangoni kwake na madumu ya petroli.

"Amekula umeme wetu, afande," alisema Remmy, mume wa marehemu, fundi aliyezitunza betri hizo. Macho yalikuwa yamemvimba, na suruali yake nyeusi ilikuwa na vitobo vidogo mapajani.

"Wallahi jana sikusaga," alijitetea Chande, aliyekuwa amekimbilia ndani ya zahanati. "Mzee Pankrasi, babake Remmy, alifariki juzi, akazikwa jana jioni. Mtaa una msiba, nani angeleta mahindi?"

Benigna aliijua desturi hiyo; hata kwake hakuna aliyesaga. Kama mashine ililala kutwa, umeme ulikuwa tele na betri zilipaswa kujaa, isipokuwa kama jana asubuhi zilikuwa tupu kabisa.

Akamvuta Violeth kando. "Mkesha wa mzee ulikuwaje?"

"Ulipendeza. Juzi usiku kwaya iliimba chini ya taa za umeme mpaka alfajiri."

"Umeme gani, wakati mtaa mzima ulikuwa kwenye mgawo?"

Violeth akageuka kumtazama Remmy.

Benigna alirudi kwa Remmy. "Hiyo ni suruali ya msiba, umeivaa tangu juzi. Imetobolewa na maji makali ya betri. Ulizibeba wewe."

Remmy akakaa sakafuni. "Baba aliishi na kibatari maisha yake yote. Nilitaka tumlilie kwenye mwanga. Jana alfajiri nikazirudisha. Nikajua mashine imefungwa, nikadhani mchana mmoja utatosha."

"Na ukawa tayari kuacha Chande achomwe."

"Ningesemaje, afande? Nilikuwa dirishani. Mpaka mwisho Imaculata alikuwa ananiita, 'Remmy, wewe ndiye fundi, washa taa.' Hata sasa ananiita."

Benigna akamwinua, akamtoa nje mpaka mbele ya madumu, akamwambia arudie maneno hayo kwa sauti, kila mtu asikie.