Lydia na Zamu za Maji

Kila Jumamosi asubuhi, baridi ya Malangali ikiwa bado inang'ata masikio, watoto wa kikundi cha Jirani Mwema walikutana bombani na ndoo zao. Walijitolea kuwachotea maji wazee wasiojiweza. Katibu wao alikuwa Lydia, msichana wa darasa la sita, mwepesi wa akili na, tuseme ukweli, mwenye majivuno kidogo.

"Leo nani anakwenda kwa nani?" mwenyekiti wao, Stanley, huuliza.

"Subirini, nitawaambia," Lydia hujibu. Daftari la kikundi lilikuwa nyumbani kwao, halijaandikwa hata mstari mmoja. Aandike ya nini, na yote anayo kichwani? Tena alipenda wenzake wamfuatefuate wakimuuliza.

Alhamisi moja Bibi Silvana, mmoja wa wazee hao, alimwita. "Mjukuu wangu, kesho asubuhi nahamia kibandani kwetu shambani, kule Pito, kulinda ulezi, ndege wameuvamia. Mwanangu akishanifikisha anakwenda ziwani kununua dagaa. Kwa mguu huu mbovu, mtoni siwezi kwenda. Waambie wenzako wasinisahau."

"Usijali, Bibi."

Lydia hakumwambia mtu. Alitaka kuitangaza habari hiyo mwenyewe Jumamosi, wote wakimsikiliza.

Loo! Ijumaa alipotoka shule alimkuta mama yake ameshafunga mizigo. Walikuwa wanakwenda Kaengesa, kwenye harusi ya binamu yake Christopha, na wangerudi Jumapili.

"Mama, kesho tuna zamu ya maji!"

"Si wenzako wapo?"

Lydia akanywea. Wenzake walikuwepo, lakini hawakujua kitu.

Jumamosi mchana Kaengesa ilirindima kwa vigelegele. Watoto wengine walicheza ngoma, yeye amejikunyata nyuma ya jiko. Bila shaka Stanley alikuwa amebisha hodi nyumbani kwa Bibi Silvana, Malangali, akakuta kufuli, akaenda zake. Lydia akisema, aibu. Akinyamaza, bibi wa watu anakufa kiu. Arudi kwa miguu? Mbali. Amwambie mama? Mama ana hasira za karibu. Kila njia aliyoiwaza ilifungwa.

Shangazi Rosina akaona sahani yake haijaguswa. "Wewe, pilau limekukosea nini?"

"Hakuna kitu, Shangazi."

"Basi kula."

Lydia alishika tonge, akalirudisha sahanini. Akaangua kilio na kusema yote.

Mama yake alifoka, kisha akashika simu na kumpigia Mwalimu Vitus, mlezi wa kikundi. Mwalimu na Stanley wakapanda baiskeli wakaenda Pito mbio. Walimkuta Bibi Silvana amelala kibandani, hana nguvu, tumbo linamwendesha. Maji yalikuwa yamemwishia, akanywa ya mferejini. Wakampeleka kituo cha afya.

Jumapili jioni, daftari la kikundi mkononi, Lydia alipiga magoti kando ya kitanda cha Bibi kituoni, Mwalimu na Stanley wamesimama pembeni. "Shikamoo, Bibi. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe. Koo lilikauka, lakini nikawa najipa moyo: watakuja tu, nimeshawaambia. Kumbe nimekwambia wewe peke yako."

Lydia alilia tena. Hata fimbo isingemuuma namna ile.

Mwalimu Vitus alimwinua. "Ukatibu hatukuvui, Lydia. Lakini kuanzia leo utaandika kila mzee alipo na anachohitaji, na karatasi ya zamu itabandikwa darasani kila mtu aione. Ungeugua wewe, au ungehama, nani angejua? Habari ya kikundi ni ya wote. Ukiificha ili uonekane mkubwa, anayeumia ni yule uliyejitolea kumsaidia."

Lydia alifuta machozi, akafungua daftari, akamgeukia Stanley. "Kaa hapa. Nakutajia wazee wote ninaowajua, na wewe uandike, ili nisiwe peke yangu ninayejua."