Asiyehesabiwa Hapikiwi

Hebu nikutegee. Kimo ndani ya nyumba: kinakula, kinalia, kinavunja vyungu. Mgeni akiuliza, hakimo. Ni nini? Usijibu haraka. Njoo kwanza hapa kijijini kwetu Dholkheda, kwa jirani yangu Kesar.

Asubuhi hiyo Kesar alikuwa anakanda unga wa uwele. Nami nilikaa mlangoni pake nikimenya njegere. Mkwewe, Sugna, alitaka kwenda kuchota maji. Kwanza alimfunga mwanawe mdogo, Gulab, kwa kitambaa kwenye mguu wa kitanda. Afanyeje? Kisima kiko wazi, na kituo cha kulelea watoto kiko ng'ambo ya mto.

Mara akafika Mwalimu Pushpa wa shule yetu, safari hii kama karani wa sensa.

"Mama Kesar, humu mna watoto wadogo wangapi?"

"Mungu anajua."

"Mungu hakunituma. Wangapi?"

"Yumo mmoja. Andika uende, unga wangu utakauka."

Ndani, Gulab akapiga ukelele.

"Na huyo?"

"Paka."

"Makubwa! Paka wako anaita mama?"

Nilicheka mpaka njegere zikamwagika.

"Wewe Rukma, cheka tu!" Kesar akanifokea. "Jicho baya likija, halitapita kwako?"

Kwetu watoto hawahesabiwi kwa sauti. Ukitaja idadi yao, jicho baya linasikia. Ndiyo maana tunawapaka nukta ya wanja shavuni, waonekane wana kasoro.

Mwalimu akaketi chini. "Mama, unajua kwa nini kituo kilipelekwa ng'ambo? Sensa iliyopita kila bibi hapa alificha wajukuu wake. Kwenye karatasi, Dholkheda ikawa kijiji cha vikongwe watupu. Nani awapikie vikongwe uji wa watoto? Chanjo, walimu, chakula, vyote hupangwa kwa idadi ya watu. Asiyehesabiwa hapikiwi."

"Na jicho je?"

"Si unao wanja? Ukishawapaka, unawafungia ndani?"

"Nawafungia kwa nini? Wanatoka, wanacheza."

"Basi watoke wahesabiwe."

Kesar akazidi kukanda. Ndipo Sugna, ambaye hasemi mbele ya mama mkwe kukiwa na mgeni, akavuta mtandio usoni na kusema polepole, "Mama, jana Gulab alifungua fundo. Nilimkuta ukingoni mwa kisima."

Mikono ya Kesar ikasimama ndani ya unga.

Aliinuka, akaenda kumfungua Gulab mwenyewe. "Bhoma! Lali! Tokeni nje!" Wajukuu wake wengine wawili wakachomoza, akawapaka wote watatu wanja upya. Kisha akatia nukta moja pembeni mwa karatasi ya Mwalimu.

"Haya, hesabu kwa macho yako. Kinywa changu hakitaji."

Habari zikaruka ua hadi ua. Kila bibi akatoa wake waliofichwa, na vikopo vya wanja vikaisha dukani.

Leo kituo kipo hapa hapa, karibu na pampu mpya ya maji. Sugna anachota maji mikono huru, na kile kitambaa anafungia nywele.

Siku ya kufunguliwa, mpishi alisimama na upawa juu ya sufuria ya wali na dengu.

"Mama Kesar, wako wangapi?"

Mabibi wote tukageuka kumtazama. Kesar akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuta pumzi.

"Watatu!" akasema, hata waliokuwa kwenye pampu wakasikia. "Na yule paka, mtilie samli."