Midomo Myekundu Ukutani

Niliona midomo myekundu kwenye shavu la mume wangu, mikubwa kama mlango…

Msinicheke. Nilikuwa ukumbini nafunga mitambo kwa ajili ya sherehe ya ofisi fulani. Mimi na mume wangu tunakodisha ukuta wa kuchora. Ni skrini kubwa. Mgeni anapigwa picha, inatokea ukutani, halafu anaichorachora apendavyo kwa kopo la kupuliza. Kopo lenyewe halina rangi, linatoa mwanga tu.

Nawasha mashine, inafunguka picha ya Jumamosi, tulipokuwa kazini kwenye harusi. Sura ya mume wangu. Mabusu. Moyo. Na maandishi: "Wangu wa milele."

Nikatupa nyaya chini.

Nilijua ni nani. Msanii! Yule binti tuliyemwajiri kufundisha wageni kushika kopo. Jumamosi nzima alikuwa anacheka na mume wangu, na jicho langu halikubanduka kwao.

Nikamwendea.

"Hii umechora wewe?"

"Hapana, dada. Ndiyo kwanza naiona."

"Leo utaiona vizuri."

Jamani, ukuta wetu unatunza kila mstari. Ukibonyeza marudio unachora upya tangu mwanzo, na mwisho unaleta kapicha ka aliyechora. Ningeweza kuangalia peke yangu, dakika moja tu. Sikutaka. Nilitaka aaibike.

Nikasubiri ukumbi ujae, nikachukua maiki.

"Wageni wetu, sogeeni mumwone mwizi wa waume za watu."

Mume wangu akanishika mkono.

"Mke wangu, unafanya nini?"

"Niache."

Nikabonyeza. Busu la kwanza… la pili… moyo… Msanii kasimama na makopo mawili mkononi, machozi yanamlengalenga.

Kapicha kakatokea.

Bibi yake bwana harusi wa Jumamosi! Kikongwe wa watu, kashika kopo kwa mikono miwili, anacheka mpaka ufizi wote uko nje.

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kabla ya kila shughuli mume wangu husimama mbele ya kamera, tunapiga picha ya majaribio. Kuifuta kabla wageni hawajaingia ni kazi yangu. Jumamosi sikuifuta, nilikuwa bize kumchunga Msanii. Bibi kaikuta ukutani, akajichorea zake.

Msanii akaweka makopo mezani taratibu.

"Dada, mimi kazi nitapata kwingine. Wewe na huo wivu mtaenda wapi?"

Akatoka. Mume wangu akamfuata nje kumwomba radhi kwa niaba yangu.

Na mimi, mtu niliyetoka kuumbuka mbele ya ukumbi mzima… mnajua nilifanya nini? Nilitazama saa, nione watakaa huko dakika ngapi.

Ndugu zangu, ukiona picha, muulize mwenye sura kabla hujashika maiki. Kuhusu huu wivu, mwenye dawa aniandikie hapo chini. Mimi bado naumwa.