Nyuma ya Kitambaa Kuna Nani

Kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha Wembe anajua kwamba yule kinyozi alikuwa na mkono. Angekunyoa huku anabishana mpira, anacheka na kujibu salamu za wapita njia, na usitoke na mkwaruzo hata wa dawa. Kichwa changu mimi, ambacho hata mama aliyenizaa alikiri kina kona, alikitengeneza kikafanana na kichwa cha mtu aliyemaliza masomo. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba yaliyompata yalianza na jambo dogo, dogo kama unywele kwenye uji, niaminini. Aliuliza swali, akajibiwa. Ila pale jibu lilipotoka hapakuwa na mtu.

Mkewe alikuwa anaendesha basi la shule, na mtaa mzima ulimwita Dereva. Mwanamke wa shoka, mwenye nywele fupi za kiume ambazo mumewe alimnyoa mwenyewe kila zilipoota. Nyuma ya sikio lake la kushoto palikuwa na kovu la utotoni, jembamba, pasipoota kitu, na Wembe kila akilifikia alisema, "Nimeingia barabara ya vumbi," na Dereva kila mara alimpiga kofi la goti. Watoto wao walishakua wakahama. Nyumba ikabaki na watu wawili na televisheni, na mazungumzo yakawa ni funguo ziko wapi na nani kamaliza sabuni.

Siku moja Dereva akaweka kijiko chini.

"Bwana wee, nimetuandikisha darasa."

"Darasa? Mke wangu, shule ilinikimbia mimi bado mdogo. Leo nianze kuifukuza?"

"La kutengeneza mazulia. La wanaoanza. Jumamosi jioni, mimi na wewe."

"Mazulia si yanauzwa?"

"Na nyembe si zinauzwa? Mbona watu wanakuja kwako?"

Jumamosi Wembe akafunga duka mapema.

Darasa lilikuwa chumba kirefu juu ya duka la matairi. Mwalimu, dada mwembamba wa miwani, alikuwa amesimamisha fremu za mbao, kila moja imewambwa kitambaa mpaka kinalia kama ngoma. Unachora picha yako kwenye kitambaa. Unashika mashine, ina mpini kama bunduki na sindano mbele, unaigandamiza kwenye mchoro na kubonyeza. Inapiga kelele trrrrr na kuusukuma uzi upande wa pili, na huko ndiko manyoya ya zulia yanakoota. Wewe unayefanya kazi huyaoni.

Wembe alichora jogoo, wa kuweka chini ya kiti cha wateja. Mwalimu akamfuta, akamchora upya anatazama kushoto.

"Mwalimu, jogoo wangu nataka atazame kulia, mlangoni, akaribishe watu."

"Atatazama kulia. Huko kwenye uso wa zulia. Kilicho kushoto huku, kule ni kulia." Akakigonga kitambaa. "Watu husahau hili. Mnadhani nyie ndio mko mbele. Hapa mliposimama ndipo nyuma."

Kisha akainua kidole cha shahada. Kilikuwa kimekatika ncha.

"Mnafanya kazi wawili wawili. Mmoja na mashine, mwenzake upande wa pili anaangalia manyoya yanavyotoka. Kabla ya kubonyeza, uliza: 'Nyuma?' Mwenzako akiwa ameondoa mikono, atajibu: 'Peupe!' Kama bado, atasema: 'Subiri!' Bila jibu, hakuna kubonyeza."

"Kama utingo wangu nikirudisha basi," Dereva akacheka.

Mwalimu hakucheka.

Basi wakaanza. Trrrrr, mstari wa shingo. Trrrrr, bawa. Simu ya Dereva ikalia, akatoka kwenda ngazini kuongea. Wembe, kichwa kimezama kwenye kazi, akaita, "Nyuma?"

"Peupe," ikajibu sauti ya mkewe, taratibu, karibu mno, kama midomo imegusa kitambaa.

Akabonyeza. Alipofika mwisho wa mstari, mlango ukafunguliwa na Dereva akaingia kutoka nje, simu sikioni: "...ndiyo mzazi, mkoba wa mtoto umebaki kwenye basi, usijali."

Wembe akainama kuchungulia chini ya fremu. Hapakuwa na miguu.

"Umeangusha sarafu, mzee?" akauliza muuza viatu, aliyekuwa na dada yake kwenye fremu ya jirani. Darasa zima likacheka. Wembe naye akacheka, lakini kicheko chake kilitoka kimepungua.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harufu. Wengine walisema ni gundi, wengine ni matairi ya chini. Wembe aliijua: ni harufu ya nywele zilizoungua, ile inayotoka mashine ya kunyolea ikipata moto kichwani mwa mtu. Na uzi wao ulikuwa mpya, mwekundu na wa njano, haujaona moto. Akasogeza uso kwenye jicho la jogoo, mahali ambapo hawajafika, akaona kitu kimeota. Kimeota upande wake. Vinyuzi vyeusi vichache vimechomoza kutoka kule kuja huku, kana kwamba upande wa pili kuna mwanafunzi mwingine, na mashine yake, anamshonea yeye.

Akavishika. Kinyozi hadanganywi na unywele hata umfunge macho. Akavuta mmoja, na kitambaa chote kikarudi nyuma ghafla, kama mtu aliyetoneshwa.

Alimfuata Mwalimu kwenye rafu za uzi, akasema kwa kunong'ona, maana hakutaka muuza viatu apate cha kusimulia.

"Mwalimu, hivi... kuna mtu huwa anakaa kule nyuma?"

Mwalimu alitazama mlango kwanza. "Amekujibu?"

"Kwa sauti ya mke wangu."

"Siku nilipokatika kidole," alisema Mwalimu, sauti imekwisha kabisa, "mwenzangu aliuliza. Watu wote walisikia nikijibu 'peupe.' Kaka, sikuwa nimefungua mdomo."

"Na bado unafundisha hapa?"

"Nimehama majengo. Hakikai kwenye jengo, kinakaa kwenye kitambaa. Sikiliza. Malizeni mpake gundi. Gundi ikikauka, uzi hauvutiki tena, na penye mlango pamezibwa. Mkiacha katikati, mmeacha wazi. Na jambo moja: wewe unaweza kuuliza, lakini siku kikikuuliza wewe, usijibu. Ukijibu umekubali kwamba wewe ndiye uliye nyuma."

Usiku ule Wembe alimweleza mkewe yote, na nataka mjue kwamba Dereva hakumcheka. Alikaa kitandani akisugua kovu lake, tabia yake akifikiri.

"Basi tumalize," akasema. "Limebaki jicho tu. Mimi nitasimama kule, macho yangu wazi. Wewe sikiliza sauti yangu. Miaka yote hii, hujui sauti yangu?"

"Naijua."

"Haya. Lala."

Jumamosi ya mwisho umeme ulikuwa unapungua na kurudi, taa zikawa za rangi ya chai. Dereva akampiga mumewe begani, akazunguka fremu, akapotea nyuma ya kitambaa. Wembe akaona kivuli chake kimesimama palepale, akapata moyo. Akaweka sindano kwenye jicho la jogoo, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikapanda ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na taa zikashuka, na akaona, au alidhani ameona, kwamba kile kivuli kimoja kina upana wa vivuli viwili, lakini mkono ulikuwa tayari umekaza na hofu ilikuwa inamwambia maliza, maliza, funga mlango huu, mtoe mkeo hapo, akaita, "Nyuma?" na majibu yakaja mawili kwa pamoja, yote kwa sauti ya Dereva, moja tulivu karibu na kitambaa likisema "Peupe," na jingine la mbali kidogo, la mtu aliyebanwa pumzi, likisema "Subi—" na kidole chake kikawa kimeshabonyeza.

Mashine haikusema trrrrr. Ilizama, ikasaga kitu laini, ikanyamaza.

Taa zikarudi.

"Mke wangu?" aliita. "Mke wangu!"

Dereva akatokea ubavuni mwa fremu akijipangusa mikono. Mzima. Hana hata tone la damu.

"Mbona umekodoa hivyo? Limependeza. Tupake gundi."

Wembe alimkumbatia mbele ya watu wote, muuza viatu akapiga mluzi. Kisha akapaka gundi kwa mikono yake mwenyewe, nene, kona kwa kona, akishukuru, hata akaongeza safu ya pili.

Zulia likaenda dukani, chini ya kiti, jogoo anatazama mlango. Na nyumbani mambo yakawa matamu. Dereva hakuuliza tena funguo. Alicheka kila utani wa Wembe, hata ule mbaya, na majirani mnaujua ule mbaya. Kweli, aliparuza basi kwenye nguzo ya geti, geti ambalo angelipita amefumba macho, kwa kukata kona upande usio wake. Kweli, alianza kukoroga chai kwa mkono wa kushoto. Wembe akasema ni uchovu. Mtu akishaogopa sana, akapona, hataki tena kutazama kwa makini.

Jumapili moja mchana nywele za Dereva zilikuwa zimeota. Wembe akafunga mlango wa duka nusu, akamkalisha kitini, akamfunga shuka shingoni, akawasha mashine.

"Twende barabara ya vumbi," akasema, akakunja sikio la kushoto.

Nywele tupu. Zimejaa, nyeusi, nzuri.

Alipitisha kidole mara ya kwanza, akapitisha tena, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akahamia upande wa pili na kukunja sikio la kulia, na pale lilikuwepo, kovu lilelile, urefu uleule, mpindo uleule, limegeuka kama jogoo alivyogeuzwa, na ndipo akakumbuka ni nani aliyesema "subiri" na ni nani aliyesema "peupe," na ni mikono ya nani iliyopaka gundi safu mbili.

Akainua macho kwenye kioo. Mwanamke wa kitini alikuwa anamtazama kwa upole. Hakumpiga kofi la goti.

"Umeona," akasema. "Nilijua kinyozi atakuwa wa kwanza."

"Mke wangu yuko wapi?"

Hakujibu yeye. Jibu lilitoka chini, kwenye zulia, kwa sauti iliyokauka kwa kuita bila kusikiwa:

"Nyuma?"

Mashine ikamponyoka Wembe, ikawa inanguruma sakafuni.

"Baba watoto," sauti ikasema, "unanisikia? Nyuma?"

Alijua alivyoonywa. Neno la Mwalimu lilikuwa linamgonga kichwani: kikikuuliza, usijibu. Angenyamaza, angeishi. Angekunywa chai yake, angechekewa utani wake, angezeeka na mke mpole mwenye kovu upande usio wake, na kila akimnyoa mteja angesikia chini ya nyayo zake swali lilelile.

"Ni yeye?" alimnong'oneza yule wa kitini. "Niambie tu. Ni yeye kweli?"

"Miaka yote hii," akasema yule mwanamke, "hujui sauti yake?"

Wembe akapiga magoti. Akaweka viganja vyote viwili juu ya jicho la jogoo, na manyoya yakawa ya moto kama kichwa cha mtoto mwenye homa. Kitu chini yake kikagusa viganja vyake, kidole kwa kidole.

"Nyuma?" ikauliza tena, sasa inalia.

"Peupe," akasema Wembe. Wala hakuondoa mikono.

Fundi wa redio wa jirani anasema alisikia trrrrr moja fupi, akadhani ni mashine ya kunyolea.

Jumatatu duka lilifunguliwa kama kawaida. Kinyozi yupo, mchangamfu, na jioni mkewe humpitia na basi, wanaondoka wakicheka kama maharusi. Watu wanasema ndoa yao imepata dawa. Na ananyoa vizuri, sikatai, pengine kuliko zamani. Ila siku hizi ananyoa kwa mkono wa kushoto, na yule jogoo chini ya kiti, ambaye sote tulimwona anatazama mlango, sasa ameupa mlango mgongo.

Mimi nywele zangu nimeziacha ziote. Mkiniona nimefanana na kichaka, nichekeni tu. Wewe ukienda, nenda. Lakini ukiwa umekaa pale, shuka shingoni, ukasikia chini ya miguu yako mume na mke wanauliza kwa pamoja, taratibu, kama nyuma ni peupe, kaza meno na utazame mbele.

Kama unajua mbele ni wapi.